Kijenzi, Ujumbe na Ukimya: Kufundisha Misingi ya Programu Zilizotawanyika katika Darasa la Tano

Miongoni mwa kozi zinazosomwa siku hizi katika vyuo vikuu zimo zile za kuunda programu za kompyuta ambazo hazikai ndani ya mashine moja. Sehemu moja ya programu ya namna hiyo huweza kuwa Dar es Salaam, ya pili Dodoma, na ya tatu katika simu iliyo mkononi mwa mhudumu wa zahanati huko Yaeda Chini. Nazo zote hufanya kazi moja kwa kupelekeana ujumbe. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hutoa shahada ya uhandisi wa programu, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sayansi ya kompyuta ina idara yake. Mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha Dongobesh au Basotu ana haki ya kuuliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi, ambao shule tutakazopangiwa huenda zisiwe na kompyuta hata moja?

Twashikilia kwamba yatuhusu sana. Mawazo makuu ya kozi hizo ni machache, hayahitaji umeme, na mahali pake pa kuanzia ni shule ya msingi. Tunapowatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha katika wilaya za Mbulu na Hanang, aghalabu tunakuta somo la kompyuta limegeuzwa kuwa orodha ya majina: kipanya, kibodi, skrini. Watoto huyakariri vizuri na kuyasahau vizuri. Mtoto wa namna hiyo akifika chuo kikuu na kuambiwa afikirie mashine mbili zilizo mbali, ambazo kila moja haina hakika na hali ya mwenzake, hana pa kulishikia wazo hilo. Wala si yeye peke yake apatwaye na hasara. Tutaonyesha mbele kwamba wazo lenyewe linagusa hata rejesta ya mahudhurio.

Kozi zenyewe zafundisha nini

Wazo la kwanza ni la kijenzi. Mwaka 1968, katika mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy alipendekeza kwamba programu ziundwe kwa vijenzi vilivyotengenezwa tayari, kama vile fundi wa baiskeli anavyonunua nati dukani badala ya kufua chuma mwenyewe. Miaka minne baadaye, mwaka 1972, David Parnas aliandika jambo ambalo sisi twaliona ni zito zaidi: kila kijenzi kifiche namna kinavyofanya kazi yake ya ndani, na kionyeshe nje yale tu ambayo wengine wanayahitaji. Wazo la pili ni la itifaki, yaani makubaliano juu ya umbo la ujumbe. Wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee mwaka 1989, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, ilienea duniani kwa sababu kanuni zake zilikuwa chache na wazi. Mashine iliyotengenezwa na yeyote iliweza kuuliza, na nyingine iliyotengenezwa na yeyote iliweza kujibu.

La tatu ndilo gumu, nalo ni kuharibika kwa sehemu. Mashine iliyo peke yake ama inafanya kazi ama imekufa. Lakini mashine kumi zikitawanyika, moja huweza kufa na tisa zisijue. Au njia ya kati ikakatika na kila upande ukadhani ni mwenzake aliyekufa. Mwaka 1994 Peter Deutsch, aliyekuwa katika kampuni ya Sun Microsystems, aliorodhesha mawazo potofu ambayo waunda programu wageni huwa nayo, na la kwanza katika orodha yake lilikuwa kudhani kwamba mtandao hautakatika. Mkazi yeyote wa vilima vya Mbulu angelimwambia hayo bila kusoma kozi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa zahanati. Wahudumu wa afya nchini huandika takwimu zao katika vitabu vya MTUHA, na takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa wavuti uitwao DHIS2, ambao kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa nchini kote. Mfumo huo ulitokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshirikiana nao kwa miaka mingi. Huko Oslo ipo kozi ambamo wanafunzi huunda vijenzi vya kupachikwa juu ya DHIS2. Hivyo kazi ya darasani ya kijana wa Norway husimama juu ya msingi uleule unaopokea hesabu za chanjo kutoka Hanang, ingawa kijana huyo na mhudumu wa Hanang hawatajuana kamwe. Kinachowaunganisha ni umbo la ujumbe tu.

Lugha za mnadani

Mwalimu asianze na hayo. Aanze na mnada, kwa kuwa watoto wa wilaya hizi wanaujua.

Sehemu hii ya Tanzania ina jambo la pekee. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni miongoni mwao, husema lugha ya Kinilo. Wanyaturu na Wanyiramba husema lugha za Kibantu. Na katika bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ya vidoko haifanani na yoyote kati ya hizo. Mbarabaig akiuza ng'ombe kwa Mwiraqw hapo mnadani, huenda moyoni anahesabu kwa Kidatoga na mnunuzi anahesabu kwa Kiiraqw, lakini bei hutamkwa kwa Kiswahili. Hakuna anayelazimika kujua namna mwenzake anavyofikiri. Hicho ndicho kijenzi cha Parnas: undani umefichwa, na Kiswahili ni itifaki.

Waulize watoto: mzee muuzaji akiugua na kumtuma mwanawe mnadani, je, mnunuzi ataanza upya kujifunza namna ya kununua? Watacheka na kusema hapana. Basi kijenzi kimebadilishwa na mfumo umeendelea. Kisha uliza: na mwana huyo akija akitaja bei kwa lugha asiyoijua mtu yeyote mnadani? Hapo kijenzi ni kizima, hakina kasoro ndani yake, na bado biashara imekwama. Watoto wakiliona hilo, wameelewa sehemu kubwa ya mihadhara ya wiki za mwanzo.

Lakini kutumia lugha moja hakutoshi, na hapa ndipo mwalimu asipopaharakisha. Andika ubaoni neno "gunia". Uliza gunia lina uzito gani. Mmoja atasema kilo mia moja. Mwingine, ambaye baba yake huuza mahindi barabarani, ataleta habari za lumbesa, lile gunia lililojazwa hadi likaongezewa kichwa cha kamba. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, na viongozi wameikemea mara nyingi, lakini watoto wameiona kwa macho. Neno ni lilelile, karatasi ni ileile, tarakimu ni ileile, na mzigo ni tofauti. Waambie basi kwamba tarehe 23 Septemba 1999 Wamarekani walipoteza chombo cha angani kiitwacho Mars Climate Orbiter, kilipokuwa kinafika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu ya jambo la namna hiyohiyo. Sehemu moja ya programu ilitoa hesabu ya msukumo kwa kipimo cha ratili. Sehemu nyingine ikazisoma tarakimu zilezile kana kwamba ni nyutoni. Kila sehemu ilifanya kazi yake kama ilivyoelekezwa. Tumeona kwamba kisa hiki hukaa kichwani mwa mtoto muda mrefu, hasa kwa kuwa wakubwa wenye elimu nyingi wamekosea kama mchuuzi wa gunia.

Somo lenyewe

Twapendekeza vipindi viwili vya dakika 40. Zana ni punje za mahindi au vifuniko vya soda, vipande vya karatasi, na kalamu za risasi. Shabaha ya somo ni kwamba mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini anayepeleka ujumbe na asipate jibu hawezi kujua kilichotokea.

Gawa darasa katika makundi manne na kuyaweka pembeni: Haydom, Dongobesh, Basotu na Katesh. Mbele ya ubao weka meza ya makao, iitwe Babati, yenye watoto watatu wenye kalamu. Kila kundi lipewe punje zinazowakilisha magunia ya mavuno na lichague tarishi mmoja. Darasa likiwa na watoto 80, kama yalivyo mengi, waliobaki wawe wakaguzi wanaoandika kila barua iliyotoka na kila iliyofika. Kazi hiyo si ya kuwashughulisha tu, bali ndiyo itakayokata shauri mabishano yatakapotokea. Watoto wasiongee kutoka kundi hadi kundi. Ujumbe upite kwa karatasi tu, na tarishi arudi na stakabadhi kutoka makao. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akichungulia dirishani, mwonyeshe andalio la somo.

Mzunguko wa kwanza uende salama. Haydom wapeleke 14, Dongobesh 9, Basotu 12, Katesh 20. Makao wajumlishe na kupata 55. Mwalimu asiseme neno.

Katika mzunguko wa pili mnong'oneze tarishi wa Basotu asimame nje chini ya mti. Barua tatu zitafika. Waamuru makao watangaze jumla. Wapo watakaoandika 43 na kuridhika. Wapo watakaojaza sifuri mbele ya jina la Basotu ili jedwali lisiwe na tundu. Simamisha mchezo na uulize: je, Basotu hawakuvuna? Kundi la Basotu litapiga kelele, nawe uwaache. Mabishano haya yana faida kuliko maelezo yako. Hatimaye waongoze kuandika hivi: "Magunia 43, kutoka vituo vitatu kati ya vinne." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko tarakimu, lakini ni ya kweli, ilhali sifuri ile ilikuwa uongo uliovaa nguo za hesabu.

Mzunguko wa tatu ndio kiini. Safari hii tarishi wa Basotu afike makao, atoe barua, apokewe. Lakini anaporudi, mnyang'anye stakabadhi na umtoe nje. Basotu wahesabu hadi hamsini wakisubiri. Hawataona stakabadhi wala tarishi, kwa hiyo watatuma tarishi wa pili na barua ya pili yenye magunia yaleyale 12. Makao, ambao hawajui lolote, watajumlisha tena na kupata 67. Wakaguzi watapaza sauti kwamba si kweli.

Uliza: ni nani aliyekosea? Usikubali jibu la haraka. Basotu hawakukosea, kwa sababu kwa upande wao barua iliyopotea njiani na stakabadhi iliyopotea njiani zinafanana kabisa. Zote mbili ni ukimya. Makao nao hawakukosea, kwani walipokea barua mbili halali. Kosa limo katika makubaliano yaliyofanywa kabla ya kuanza. Wanachuo wengi hupenda kutoa dawa mwanzoni, wakawaagiza watoto kuziwekea barua namba tangu mzunguko wa kwanza. Twawasihi wasifanye hivyo. Mtoto ambaye hajaona ugonjwa hataithamini dawa.

Ongeza au weka

Sasa watoto watafute dawa wenyewe. Tumeshuhudia darasa likitoa dawa mbili, na zote mbili hufundishwa chuo kikuu kwa maneno makubwa zaidi. Ya kwanza ni kuipa kila barua namba: barua ya 3 kutoka Basotu ikifika mara mbili, makao huihesabu mara moja na kutoa stakabadhi mara mbili. Ya pili ni kubadili kitenzi, nayo ndiyo tunayoipenda kwa kuwa inakaa vyema katika kipindi cha hisabati. Andika ubaoni sentensi mbili:

Ongeza magunia 12.
Mavuno ya Basotu mwaka huu ni magunia 12.

Amri ya kwanza ikitekelezwa mara mbili huharibu jumla. Ya pili ikisomwa mara kumi haileti madhara, kwani huweka thamani ileile mahali palepale. Watoto watoe mifano yao. Funga mlango, ukirudiwa, mlango umefungwa tu. Tia chumvi, ukirudiwa, mboga imeharibika. Zima taa haina madhara. Mpe mgonjwa dawa yake ina madhara makubwa, na hapa mwalimu anaweza kueleza kwa nini muuguzi huweka alama kwenye kadi kila anapotoa dozi. Itifaki ya wavuti yenyewe hutofautisha maombi yanayoweza kurudiwa salama na yale yasiyoweza. Ndiyo maana mtu anayelipia kitu mtandaoni huonywa asibonyeze kitufe mara mbili.

Kwa watoto wepesi, wape fumbo hili wakafikirie nyumbani. Vijiji viwili, kila kimoja upande wake wa bonde, vinataka kuanza kuchimba mfereji siku moja. Kimoja kikianza peke yake, jasho lake litapotea bure. Tarishi huenda akashindwa kuvuka korongo lililojaa. Kijiji cha kwanza chatuma: "Tuanze Jumatatu." Cha pili chajibu: "Tumekubali." Lakini cha pili kitajuaje kwamba jibu lake limefika? Kinahitaji jibu la jibu. Na hilo nalo lahitaji jibu. Wataalamu walilichapisha tatizo hili mwaka 1975, na imethibitishwa kwamba hakuna idadi yoyote ya barua itakayoleta hakika kamili. Mtoto atakayekuja kesho akisema ameshindwa, mwambie kwamba ameshinda.

Mwalimu ajue pia mpaka wa mchezo huu. Tarishi wa kweli akiona neno "lumbesa" atauliza. Mashine haitauliza, itasoma kilichoandikwa. Na barua nne kwa kipindi si mamilioni kwa siku. Yafaa watoto waambiwe hayo, wasije wakadhani kwamba ndani ya kompyuta mna watu wadogo.

Jambo jingine lahitaji busara. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliangukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Darasani mwako huenda yumo mtoto ambaye siku zile nyumbani kwao walingoja habari za mtu. Kwa hiyo mifano ya kupotea kwa ujumbe iwe ya magunia, chumvi na milango. Mtoto akilileta jambo lile mwenyewe, sikiliza kwanza, somo litasubiri.

Ukimya katika rejesta

Tulisema kwamba wazo hili linamgusa mwalimu mwenyewe. Katika DHIS2 mtu anayeandaa mfumo hana budi kuamua, kwa kila kipengele, iwapo sifuri itahifadhiwa au itachukuliwa kama pengo tupu. Uamuzi huo waonekana mdogo. Lakini zahanati iliyoandika sifuri kwa wagonjwa wa kipindupindu imesema neno zito; zahanati ambayo haikuleta fomu haijasema lolote. Anayezichanganya hizo mbili atatuma dawa pasipohitajika, au atanyamaza panapohitajika.

Rejesta ya darasa ina tatizo hilohilo. Alama ya kutokuwepo ni moja, na sababu ni nyingi. Mtoto wa Kibarabaig huenda amehama na ng'ombe wa baba yake kufuata malisho na sasa anasoma shule nyingine. Mtoto wa bondeni huenda amezuiwa na korongo kwa siku tatu. Wa tatu huenda ameacha shule kweli. Mwalimu mwenye haraka huwaandika wote watatu "watoro", kama vile makao walivyowaandikia Basotu sifuri. Baraza la Mitihani la Tanzania lina mfumo wa kumbukumbu uitwao PReM, unaompa kila mwanafunzi wa shule ya msingi namba yake na kushughulikia uhamisho, nao ni tiba ya kosa la mzunguko wa tatu: mtoto mmoja asihesabiwe mara mbili katika shule mbili. Lakini kwa mtoto ambaye hakuna aliyeuliza habari zake, namba pekee haina msaada, kwani mfumo hupokea tu kile mwalimu alichoandika.

Katika kupima, usiulize maana ya "kijenzi" wala "itifaki". Uliza hivi: "Makao hayakupata barua ya Katesh. Taja mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea." Mtoto anayetaja jambo moja tu hajafikia shabaha, hata akilieleza vizuri. Swali la pili liwe: "Tunga ujumbe ambao ukifika mara mbili hautaleta hasara."

Kwa wanachuo watakaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha Mbulu na Hanang muhula ujao, tunaongeza kazi moja. Omba ruhusa ya mwalimu wa darasa, chukua rejesta ya mwezi uliopita, na uweke pembeni majina yote yenye alama ya kutokuwepo kwa siku tano mfululizo au zaidi. Kwa kila jina andika safu mbili: tunalolijua, na tunalolidhani. Kisha waulize jirani, ndugu, au wanafunzi wenzake, na uandike safu ya tatu. Majina ya watoto yasitoke nje ya shule. Leteni chuoni hesabu za safu hizo tu, na mwandike pia ni majina mangapi ambayo hata baada ya kuuliza yalibaki bila jibu.